Sala ya familia haidumu

Swali: Kila tukianza sala ya nyumbani inakufa ndani ya wiki. Wadogo wanasinzia, mkubwa anachungulia simu. Tufanyeje?

Jibu: Mara nyingi hufa kwa kuwa ni ndefu na huja usiku mno. Isogezeni ifuate chakula cha jioni, kabla watu hawajatawanyika. Dakika 10 zinatosha: wimbo mmoja, mistari 5 hadi 8 ya Injili ya Marko, kila mtu ashukuru kwa jambo moja, kisha Baba Yetu. Simu zote zibaki chumba kingine, za wazazi zikitangulia. Mkubwa apewe zamu ya kusoma. Na tafadhali, msiigeuze sala kuwa baraza la kukaripia makosa ya mchana. Hapo ndipo watoto huanza kuikimbia. Mkikosa siku moja, kesho endeleeni mlipoishia.