Ukienda Nizwa, Lala Nizwa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tanga aliniuliza kama alasiri moja inatosha kuitembelea Nizwa, mji wa Omani, kwa kuwa wakala wake wa safari ameubana mji huo kati ya chakula cha mchana na kurudi Maskati. Haitoshi, na ninalisema hilo kwa uhakika wa mtu aliyechekwa na jamaa zake wa Maskati, walioniuliza nakwenda kulala kwenye mawe na mbuzi kutafuta nini.

Mbuzi wenyewe ndio sababu ya kulala. Mnada wao ni Ijumaa asubuhi na mapema. Wauzaji huwazungusha kwa kamba katikati ya wanunuzi waliojipanga duara. Anayempenda mmoja humsimamisha, humfunua mdomo akatazama meno, humpapasa mgongo, na bei hukataliwa mnyama akiwa ameshavutwa mbele. Hapo ndipo nilipomsikia mzee mwenye jambia kiunoni akibishana kwa Kiarabu, kisha akamnong'oneza mwenzake, kwa Kiswahili cha Unguja kabisa, kwamba beberu yule ni mgonjwa. Walionicheka hawajayasikia hayo, ingawa wanaishi Omani miaka yote. Anayetoka Maskati baada ya kustaftahi hukuta mbuzi wameshapakiwa, kwa hiyo nasisitiza: fika Alhamisi.

Ngome nayo haitaki haraka. Mnara wake wa mviringo ulijengwa katikati ya karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaruba, aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na ni katika utawala wa mwanawe, Saif, ambapo Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Ngazi zake ni nyembamba na zimejaa kona na milango, na juu ya milango hiyo mna matundu ya kummwagia adui asali ya tende iliyochemshwa. Usitoke kabla hujaiona ghala ya tende, yenye sakafu ya matuta na vijito, ambamo magunia yalirundikwa hadi uzito wake ukaikamua asali hiyo.

Wasafiri wenzangu, tuache kuihesabu miji kwa picha! Keti kando ya Falaji Daris, mmoja wa mifereji mitano ya Omani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, utazame maji yanavyoteremka kwenda kwenye mitende, ambako tangu zamani kila mwenye shamba amepewa zamu yake kwa saa. Huwezi kuyaelewa hayo dereva akikupigia honi.

Halua na majambia ya fedha vitafute mara baada ya mnada, kwa kuwa swala ya Ijumaa ikikaribia maduka mengi hufungwa, na hayafunguliwi tena hadi alasiri.