Jinsia ya mtumiaji katika sentensi za programu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatengeneza tovuti ya chama cha ushirika kwa Kiswahili na Kiingereza. Kwa Kiswahili, taarifa "amebadilisha picha yake" humfaa kila mwanachama. Kwa Kiingereza kodi (maagizo ya programu) husoma safu ya jinsia, na asiye "M" (mwanamume) huandikiwa kiwakilishi cha kike, hata aliyeacha nafasi hiyo wazi. Nirekebishe vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, safu moja imelazimishwa kufanya kazi mbili. Jinsia ni taarifa ya mtu, ilhali kiwakilishi ni namna anavyotaka kutajwa. Facebook ilipoongeza machaguo ya jinsia mwaka 2014, iliwaachia walioyatumia wachague pia kiwakilishi: cha kike, cha kiume, au cha wingi kisichotaja jinsia. Kama chama hakiihitaji jinsia kwa lolote, usiiulize kabisa, kwani taarifa isiyohifadhiwa haiwezi kuvuja. Ikihitajika, kiwango cha kimataifa cha ISO 5218 hutumia 0 kwa isiyojulikana, 1 kwa mwanamume, 2 kwa mwanamke na 9 kwa isiyohusika.

La muhimu zaidi, usiunganishe vipande vya sentensi ndani ya kodi. Andika sentensi nzima kwa kila hali katika faili la tafsiri, kama muundo wa ujumbe wa ICU (maktaba ya programu ya kushughulikia lugha mbalimbali) unavyoruhusu, ambapo tawi la "other" (yaani hali nyingine yoyote) ni la lazima na ndilo litakalompokea ambaye hakuchagua. Siku mtakapoongeza Kifaransa, ambako hata umbo la kitenzi hubadilika ("amefika" ni "est arrivé" kwa mwanamume, "est arrivée" kwa mwanamke), mfasiri atalishughulikia faili lake bila kuigusa kodi yako.