Ripoti Isiyomlazimu Msomaji Kuuliza Tena

Ripoti huandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo. Meneja hakuwepo pampu ilipozimika, msomaji wa gazeti hakuwepo mahakamani, na msahihishaji wa mtihani hana njia ya kumwuliza mtahiniwa alikusudia nini. Nimeandika ripoti za kazini, nimeandika habari na nimesahihisha insha za wanafunzi, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kipimo cha ripoti iliyo wazi ni kilekile katika kazi zote hizo: msomaji aelewe lililotokea, ajue limejulikanaje, na aweze kuamua la kufanya bila kumtafuta mwandishi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika aya ya kwanza, mimi huandika pembeni sentensi moja inayomtaja msomaji na uamuzi unaomsubiri. Kwa mfano: "Kamati inataka kujua kama mkataba wa matengenezo uendelee au usitishwe." Sentensi hiyo haiingii katika ripoti, lakini ndiyo inayoniongoza kujua kipi kibaki na kipi kiachwe. Nikishindwa kuiandika, huwa ni dalili kwamba bado sina ripoti bali nina lundo la maelezo tu, na hapo ninapaswa kurudi kwenye daftari langu au kwa watu niliowahoji.

Tatizo linalonisumbua zaidi ninapohariri ni sentensi zinazoonekana za kitaalamu ilhali hazisemi kitu. Tuchukue hii: "Katika kipindi husika kulijitokeza changamoto kadhaa za kiufundi ambazo ziliathiri utendaji kwa kiasi kikubwa." Msomaji anabaki na maswali. Ni changamoto zipi? Kipindi gani? Kiasi kikubwa ni kiasi gani? Sasa tuilinganishe na hii: "Pampu namba 2 ilisimama saa 3:40 asubuhi ya tarehe 14 Machi kwa sababu mkanda wake ulikatika. Fundi wa zamu alibadilisha mkanda, na pampu ikaanza kufanya kazi tena saa 7:15 mchana. Kwa muda wa saa 3 na dakika 35 maji hayakupanda kwenye tangi." Maneno yameongezeka, lakini msomaji hana tena sababu ya kuuliza. Wengi hudhani kwamba kuandika kwa ufupi ni kupunguza maneno tu. Kwa maoni yangu, ufupi wenye manufaa ni ule unaopunguza maswali.

Katika mfano wa pili pia tunajua nani alifanya nini. Kiswahili kinaruhusu kwa urahisi kumficha mtenda, na ndiyo maana ripoti nyingi zimejaa "ilibainika", "imeamuliwa" na "inasemekana". Nani alibaini, na kwa njia gani? Mimi hutenganisha mambo matatu na kuhakikisha msomaji anaona mipaka yake: niliyoyaona mwenyewe, niliyoambiwa na mtu mwingine, na ninayoyakisia kutokana na hayo mawili. "Niliona mkanda umekatika" ni ushahidi. "Fundi alisema mkanda ulikuwa umechakaa kwa muda" ni maelezo ya fundi. "Huenda ukaguzi wa kila mwezi haukufanyika" ni dhana yangu, na inabidi niitaje kama dhana hadi nitakapoona kitabu cha ukaguzi. Mwandishi anayechanganya mambo hayo anaweza kumtia mtu asiye na kosa mashakani, na hilo si jambo dogo.

Takwimu nazo zinahitaji uangalifu uleule. Iwapo sehemu ya wateja waliolalamika imepanda kutoka asilimia 20 hadi asilimia 25, si sahihi kuandika kwamba malalamiko yameongezeka kwa asilimia 5. Yameongezeka kwa pointi 5 za asilimia, ambazo ni ongezeko la asilimia 25 ukilinganisha na pale yalipoanzia. Njia salama ni kutaja namba zote mbili za mwanzo na mwisho, pamoja na jumla ya watu waliohesabiwa. Vilevile taja kama unatumia saa za Kiswahili au saa za mfumo wa 24, hasa pale ripoti itakaposomwa na watu wa lugha nyingine, kwa maana tofauti ya saa 6 katika ripoti ya ajali inaweza kuharibu uchunguzi mzima.

Baada ya hapo ndipo tunapofika kwenye mpangilio, na hapa kanuni yangu ni kuanza na jambo lenye uzito. Tarehe 9 Agosti 1940, katikati ya vita, Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, aliwaandikia viongozi na maofisa wa serikali yake waraka mfupi akiwataka wafupishe ripoti zao: hoja kuu ziwekwe katika aya fupi zilizo wazi, na uchambuzi wa kina au takwimu ziende kwenye kiambatisho. Ushauri huo bado unafaa hadi leo.

Mfano wa madhara ya mpangilio mbaya ambao siusahau ni wa chombo cha anga cha Marekani, Columbia. Kiliporushwa Januari 2003, kipande cha povu gumu la kuzuia joto kilibanduka kutoka kwenye tangi la nje la mafuta na kugonga bawa la kushoto. Wahandisi walichunguza hatari hiyo chombo kikiwa bado angani, na matokeo yao yakawasilishwa kwa slaidi. Kichwa cha slaidi moja muhimu kilimpa msomaji picha ya kutuliza, ilhali chini kabisa, katika maandishi ya mwisho, ndimo ilimoelezwa kwamba kipande kilichogonga bawa kilikuwa kikubwa mara mamia kuliko vile vilivyotumika katika majaribio. Tarehe 1 Februari 2003 Columbia ilisambaratika ikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafariki. Tume ya uchunguzi, katika ripoti yake ya Agosti mwaka huohuo, ilikosoa mazoea ya kutumia slaidi badala ya ripoti kamili za kitaalamu. Sidai kwamba slaidi hiyo peke yake ndiyo iliyosababisha maafa, lakini inaonyesha kwamba ukweli uliozikwa chini ya ukurasa unaweza kuwafikia wahusika na bado usiwashtue.

Waandishi wa habari wanaijua kanuni hii kwa jina la piramidi iliyopinduliwa. Aya ya kwanza hujibu nani, nini, lini na wapi. Kwa nini na vipi vinaweza kufuata iwapo havijathibitishwa. Mhariri akikosa nafasi hukata kuanzia chini, kwa hiyo jambo la lazima lisiwekwe mkiani. Aidha, kila dai liwe na mwenyewe: "polisi wanasema", "kwa mujibu wa hati ya mashtaka". Mtu aliyekamatwa ni mtuhumiwa, na akishafikishwa mahakamani ni mshtakiwa. Mkosaji hawi mkosaji mpaka mahakama itamke hivyo.

Katika mtihani mambo hayabadiliki sana, isipokuwa msomaji wako ana mwongozo wa kusahihishia na wewe una dakika chache. Soma swali kwa kalamu mkononi na upige mstari chini ya cheo ulichopewa, mtu unayemwandikia, jambo lenyewe na idadi ya maneno. Sura ya kawaida inajulikana: kichwa kinachotaja mada, utangulizi unaoeleza nani aliagiza uchunguzi na kwa lengo gani, njia zilizotumika kukusanya taarifa, matokeo, hitimisho, mapendekezo, kisha jina, cheo, sahihi na tarehe. Kama kanuni za mtihani zinakataza jina lako halisi, tumia ulilopewa katika swali.

Wanafunzi wengi hupoteza alama kwenye mapendekezo, kwa sababu huyaandika kana kwamba ni insha nyingine mpya. Kila pendekezo lapaswa kutokana na tokeo lililokwisha kuelezwa. Ikiwa hukuandika popote kwamba vitabu vya maktaba vimechakaa, usipendekeze vinunuliwe vipya. Na ikiwa umeandika, basi sema nani avinunue na kabla ya lini, maana "hatua zichukuliwe" haimwagizi mtu yeyote. Mimi huwashauri wanafunzi watenge dakika 5 za mwisho kwa kazi hii tu: kuweka kidole kwenye kila pendekezo na kulitafutia tokeo lake juu ya ukurasa, kisha kufuta lisilo na asili. Kazini nafanya vivyo hivyo kabla ya kutia sahihi, na ripoti ikiwa ndefu, karibu kila mara napata la kufuta.