Muulize nani atapokea simu saa nane usiku

SWALI

Shikamoo dada. Nina miaka 54, naishi Tanga. Ngozi ya kope zangu za juu imelegea mpaka inalalia nywele za kope. Nikipaka wanja, haupiti saa moja umeshahamia juu. Kila ninayekutana naye ananiuliza kama naumwa. Binti yangu anaolewa wiki tatu zijazo na nataka niwe nimeshapasuliwa. Kuna kliniki ya urembo imenitumia bei kwa WhatsApp, ni nafuu, wanasema ni dakika 40 tu na kesho yake naendelea na shughuli zangu. Daktari wa macho niliyemwona anataka nirudi kwa vipimo kwanza, na bei yake ni karibu mara mbili. Natumia dawa za presha na aspirini ndogo kila siku. Halafu nina kelodi, lile kovu linalovimba, sikioni nilipotoboa. Niende wapi, na nitapona baada ya siku ngapi?
Mama Harusi, Tanga

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuozesha. Nilifanya kazi tiata ya macho miaka 27, na nilipofika 61 nami nikalala juu ya kitanda kile kile nilichokuwa nakitandika, nikapasuliwa kope zote mbili za juu. Nakujibu kama muuguzi na kama mgonjwa: kabla ya harusi, usifanye.

Upasuaji wenyewe si mrefu, hapo hawakukudanganya. Unapigwa ganzi kwenye kope, unabaki macho, unasikia kuvutwavutwa na harufu ya kuungua wakati wanaziba mishipa ya damu. Shughuli iko baadaye. Mimi siku ya pili ndiyo ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Niliamka jicho la kushoto limefumba kabisa, la kulia lina mwanya wa kupitisha sindano, kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Damu iliyovilia ikateremka hadi mashavuni: zambarau, kisha kijani, kisha njano ya bizari. Nyuzi zilitolewa siku ya sita. Wiki ya pili niliweza kwenda sokoni bila miwani ya jua, ila asubuhi uvimbe ulikuwa unarudi kidogo, na mstari wa kovu ulibaki mwekundu kwa miezi. Sasa jifikirie wiki tatu: nyuzi zimetoka, lakini wanja na vipodozi vya harusi juu ya kidonda kibichi, kulia kwa furaha, kukesha jikoni na moshi. Picha za harusi hazirudiwi.

Kinachonisumbua zaidi katika barua yako ni lile neno "kesho yake naendelea". Kope si ngozi ya mkono, nyuma yake kuna jicho. Ni nadra, lakini damu inaweza kuvuja nyuma ya jicho, mara nyingi ndani ya saa 24 za mwanzo. Nakumbuka mama mmoja aliyepiga simu saa nane usiku: jicho moja linauma kupita kiasi, limesukumwa mbele, limekuwa gumu kama gololi, na anaona giza. Daktari aliyempasua alipokea mwenyewe. Alimwambia asisubiri asubuhi, wakakutana hospitali, akafungua nyuzi pale pale na kuitoa ile damu. Jicho lile linaona mpaka leo. Angekuta simu imezimwa, sidhani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayetaka kukukata ni hili: usiku ule nikipiga, nani anapokea, na ataniona wapi? Akikutajia namba ya mapokezi, shukuru uondoke.

Yule daktari wako anayetaka vipimo, mimi namuamini kwa sababu hiyo hiyo. Atakuwekea kipande cha karatasi kwenye kope kwa dakika tano apime machozi, maana jicho kavu likikatwa kope huwa kavu zaidi. Atakuuliza kisukari na tezi ya shingo. Ataangalia kama tatizo ni ngozi iliyozidi au ni msuli unaonyanyua kope umelegea, kwa sababu msuli ukilegea, kukata ngozi peke yake hakuuinui. Na atapima ngozi ya kubakiza. Niliwahi kumhudumia dada aliyekatwa nyingi mno mahali pa namna hiyo ya WhatsApp. Alikuwa analala macho wazi, kila usiku tunamjaza marhamu ili kioo cha jicho kisikauke. Ngozi iliyozidi unaweza kurudi ukapunguziwa. Iliyokatwa sana, kuirudisha ni kazi nyingine.

Thibitisha jina lake Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwamba ni bingwa wa macho au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Muulize amefanya kope ngapi mwaka huu, umuombe picha za watu wa rangi yetu baada ya miezi sita, si baada ya wiki. Ukiona hapo Tanga hakuna, Moshi pale hospitali ya KCMC wanafundisha madaktari wa macho, omba rufaa.

Aspirini usiiache kwa uamuzi wako. Aliyekuandikia na atakayekupasua wazungumze, kwa sababu huenda unaihitaji kwa moyo. Presha iwe imetulia kabla ya siku yenyewe. Siku mbili za mwanzo ni kitambaa safi cha baridi, dakika kumi kumi, barafu isiguse ngozi, na kichwa juu ya mito miwili hata usingizini. Usiinue ndoo, usiiname kufua. Kama unaswali, swali umekaa kwenye kiti siku hizo, sijida uifanye kwa ishara, mgonjwa ameruhusiwa. Mimi nilijisahau siku ya tatu nikainama kuokota kandambili, nikahisi kope zinapwita kama moyo.

Na hiyo kelodi: ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, na kelodi hapo ni nadra sana hata kwa sisi tunaozitoa masikioni na kifuani. Hata hivyo usilifiche chini ya mtandio. Mwonyeshe daktari hilo sikio kabla hajashika kisu.