Mashine inajaza maji ila haifui

SWALI: Fundi habari, nimehama nyumba juzi nikasema mashine ya kufulia naunganisha mwenyewe, ni ile ya mlango wa mbele. Sasa inaingiza maji tu karibu saa nzima haianzi kuzunguka, na kule kwenye tundu la sakafuni nasikia maji yanatiririka muda wote. Mpira wa kutolea maji nimeulaza chini nikauchomeka kwenye hilo tundu, nikazungushia tepu vizuri harufu isipande. Jirani anasema pampu imekufa. Ninunue nyingine? – Mama Mapacha

JIBU: Mama Mapacha, pampu usinunue kwanza. Pampu ikifa maji hayatoki, ya kwako yanatoka hata yasipotakiwa, sasa hapo imekufaje?

Shida ni mpira kulala chini. Mdomo wake ukiwa chini kuliko maji yaliyomo kwenye mashine yanashuka yenyewe, ni kama ukinyonya mafuta kwenye tanki kwa mpira, yakishaanza hayasimami. Mashine inajaza, yanakimbia, inaona bado hayajafika inaongeza tena, na ndo mchezo wenu wa saa nzima huo. Na tepu uliyoweka imezidisha kwa sababu hewa haipiti.

Kama huniamini, iwashe ijaze dakika mbili tatu halafu bonyeza kitufe isimame, inama utege sikio pale kwenye tundu. Mashine iko kimya na maji bado yanaenda? Basi pampu haina kosa.

Chomoa umeme, funga koki, bandua tepu yote. Halafu kwenye tundu simamisha paipu ya plastiki ya inchi moja na nusu au mbili, ibane ukutani, mdomo wake uwe sentimita 60 mpaka 100 toka sakafuni (kitabu cha mashine kikisema vingine fuata kitabu, na usipitishe hapo maana pampu nazo zina kikomo cha kusukuma maji juu). Mpira ingiza sentimita 10 hadi 15 tu, usiusindilie mpaka chini, na pembeni yake ibaki nafasi ya hewa. Harufu haizuiwi na tepu, inazuiwa na maji yanayobaki kwenye ile kona ya U chini ya paipu, kama tundu lako halina hiyo kona hapo ndo umuite fundi bomba.

Ukiona paipu ni kazi, ning'iniza mpira kwenye sinki kwa ile ndoano ya plastiki iliyokuja na mashine, ila ufunge na kamba kwenye koki. Pampu ikianza kusukuma mpira unaruka kama nyoka, wangu uliruka nikiwa jikoni nikakuta maji yameshafika sebuleni.

Ukirudisha mashine ukutani mulika tochi nyuma kwanza, mara nyingi mpira unajikunja dakika hiyo ya mwisho.