Waja leo, waondoka keshokutwa: kuhusu lori la tatu

Mkuu mleta uzi, swali lako nililiona tangu juzi nikawa nangoja wenye elimu zao wajibu. Wamepita, wamekuandikia "utafiti ni muhimu sana", wakaondoka. Kwa wanaoingia sasa hivi, jamaa ana semi mbili hapa Tanga, anapeleka saruji Moshi na Arusha, na benki imekubali kumkopesha lori la tatu. Kwenye semina moja akasikia kwamba tafiti za usafirishaji wa mizigo zinaweza kumwongezea faida, anauliza kama kuna ukweli au ni maneno ya kumalizia chai na maandazi ya semina.

Ukweli upo. Ila mie ningekuambia usisaini huo mkopo kwanza.

Nimekaa kwenye kazi hii miaka kumi na tisa. Nilianza utingo, nikawa dereva, mgongo ulipokataa nikahamia kupanga safari za magari ya watu, na sasa nina yangu mawili kama wewe. Miaka mingi hiyo nilikuwa na ugonjwa tulionao wengi: jicho lote kwenye mafuta. Nilijua kila dereva anatumia lita ngapi mpaka Segera, nani anauza nusu dumu pale kwenye miti, nani anakanyaga sana. Siku moja akaletwa kwetu kijana wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, amekuja fildi. Akageuza ndoo ya rangi juu chini, akaikalia getini na kaunta buku mapajani. Gari likiingia anaandika saa. Likitoka anaandika saa. Akaniuliza, "Shikamoo mzee, hili la bluu liliingia lini?" Nikamwambia jana. Utingo akasema juzi. Dereva akaapa kwamba ni Jumamosi. Siku hiyo tunabishana ilikuwa Jumanne, na hakuna kati yetu aliyekuwa na karatasi ya kumbishia mwenzake.

Nilimcheka yule kijana wiki nzima. Alipoondoka nikanunua kaunta buku yangu.

Miezi mitatu niliwaandikisha madereva wangu kila saa ya safari, Tanga hadi Arusha na kurudi. Wastani ulikuwa saa 118 kwa safari moja. Sasa tazama zilivyogawanyika: kuendesha, saa 21. Kulala na kula, 19. Kupakia na kushusha kwenyewe, yaani mifuko inapotembea mabegani mwa watu, saa 9. Zilizobaki 69 ni kusubiri. Lori limezimwa, turubai limekunjwa, dereva amelala chini ya tela anacheza na simu. Na katika hizo 69, saa 41 zilikuwa hapa hapa nyumbani, kabla hata gari halijaiona barabara. Sisi Tanga tunajisifu kwa "waja leo waondoka leo", kumbe gari langu lilikuwa laja leo laondoka keshokutwa.

Hapo ndipo tafiti zilipoanza kunihusu. Kuna kanuni moja ambayo Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961, nayo ni fupi. Idadi ya magari yaliyo ndani ya foleni ni sawa na yanayohudumiwa kwa siku mara siku ambazo gari moja linakaa. Igeuze uitumie. Unafika mahali pa kupakia, unahesabu magari mbele yako, ni 36. Unamuuliza mlinzi jana yametoka mangapi, anakwambia 12. Basi utapakia baada ya siku tatu, na hakuna maneno matamu wala soda ya kumpa karani itakayobadilisha hesabu hiyo, labda umruke mwenzako naye kesho akuruke wewe. Siku niliyoielewa hii niliwaambia madereva wasikae pale, gari lipelekwe gereji likabadilishwe oili na kukaguliwa breki. Zamani kazi hiyo tulikuwa tunaipangia siku yake peke yake.

Mwaka huohuo wa 1961 Mwingereza John Kingman akaonyesha jambo lingine lililonifungua macho zaidi. Foleni haikui polepole. Chukua foleni ya kawaida, magari yanafika ovyo ovyo, muda wa kupakia nao unabadilika ovyo ovyo, yanahudumiwa moja baada ya jingine. Anayepakia akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, gari litakaa pale mara 5 ya muda wa kupakia kwenyewe. Akifikia asilimia 90, ni mara 10. Asilimia 95, mara 20. Kumi na tano tu zimeongezeka, muda umekuwa mara nne. Na Kingman anasema kimojawapo kinachoichochea foleni ni ule ufikaji wa ovyo, watu kujazana pamoja. Nikafungua kaunta buku: magari yote ya mji huu yalikuwa yanafika kupakia Jumatatu asubuhi. Kwa nini? Kwa sababu wenye maduka ya vifaa vya ujenzi huko Moshi na Arusha wanalipa Ijumaa jioni wakishauza, na kila tajiri anataka gari lake liwe la kwanza. Wote wa kwanza! Alhamisi mchana pale unakuta paka tu.

Nikaongea na wateja wangu watatu wakubwa, nikawaomba oda zao ziingie Jumanne, nami nikashusha bei kidogo. Mmoja alikataa, wawili wakakubali. Magari yangu yakahamia kupakia Jumatano usiku na Alhamisi. Makaratasi yote yanakamilishwa siku moja kabla, gari halisogei mpaka hati ziko mkononi mwa dereva. Hakuna uchawi mwingine niliofanya hapo. Saa 118 zikashuka hadi 92. Kwa mwezi, ukitoa siku za gereji, kila lori likatoka safari 5 likafika karibu 6 na nusu. Mawili yalikuwa yanafanya 10, sasa yanafanya kama 13. Lori la tatu, kwa mtindo wa zamani, lingenipa 15.

Unaona ninapoelekea? Ukinunua la tatu leo, utaliongeza kwenye foleni ile ile ya Jumatatu, na utawachelewesha wenzako pamoja na yale mawili yako mwenyewe.

Kama pesa inakuwasha mfukoni, nunua tela, usinunue kichwa. Acha tela likipakiwa, kichwa kifunge tela jingine kiende. Kichwa ndicho chenye injini, bima kubwa na dereva wa kulipwa, na tela kusimama hakuumi sana. Ila uwe na mahali salama pa kuliacha, na uhakikishe vichwa vyako vyote vinaingiliana na hayo matela. Mie nilijifunza hili la mwisho kwa hasara ambayo sitaki kuikumbuka.

Sasa mzigo wa kurudia, maana najua utauliza. Kuna watu wanakataa kabisa kurudi tupu, wanakaa Arusha siku tatu wakingoja vitunguu au maharage. Fanya hesabu ya saa. Tuseme safari inakuachia laki 6 baada ya kila kitu na inakula saa 118. Saa moja ya lori lako ni kama elfu 5. Mzigo wa kurudia utakaokuachia laki 3, ukiungoja saa 60 umebadilishana sawa kwa sawa, ukizidisha hapo umeanza kulipia vitunguu vya mwenzio. Dereva wangu ana ruhusa ya kungoja mpaka kesho yake saa sita mchana. Baada ya hapo anarudi tupu na simlaumu. Mwanzoni alidhani nimechanganyikiwa.

Mizani. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo nilipoaibika.

Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika kwetu 2019, inakupa tani 8 ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele, 18 kwa zile mbili za kichwa, 24 kwa tatu za tela. Semi ya ekseli sita inakuwa tani 50 jumla. Siku hiyo nilipakia mwenyewe, nikapiga hesabu, nikajua niko chini. Gari likapanda mizani: jumla tani 48 na ushee. Nikaanza kuwasha injini niondoke. Yule bwana wa mizani akanionyesha kioo cha vipimo: ekseli mbili za kichwa zilikuwa na tani 19.4. Mzigo wangu haukuwa mwingi, ulikuwa umekaa vibaya. Wapakiaji walianza kupanga mifuko mbele kwa vile ndiko kwenye kivuli, wakapandisha tabaka za ziada huko huko, nami nilikuwa nakunywa kahawa. Ikabidi niegeshe pembeni, nitafute vijana, tufungue kamba na turubai, tutoe mifuko hamsini hivi ya mbele tuirudishe nyuma mita kama tano. Tani mbili na nusu, jua la saa saba. Mmoja ulipasuka, tukawa weupe kama tumetoka ngomani. Tukapima tena, ikawa sawa, na hapakuongezeka wala kupungua hata kilo, ukiacha ule uliopasuka.

Tangu hapo nachora mstari wa chaki kwenye ubavu wa tela: tabaka la sita lisivuke hapa kwenda mbele.

Na usidhani mizani ni ya kutukomoa tu. Wamarekani walijenga barabara za majaribio kule Ottawa, Illinois, wakaendesha malori juu yake mfululizo kuanzia 1958 hadi 1960, mchana na usiku, wapime lami inavyokufa. Walichopata ni kwamba uharibifu unakua takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ukiipa 12, umeongeza moja ya tano ya mzigo lakini umeharibu barabara mara mbili. Ukiipa 20 ni mara kumi na sita. Tunaolalamikia mashimo kati ya Segera na Chalinze, tuanze na vioo vya mizani vyetu. (Najua kuna watakaonitukana hapa, karibuni.)

Kwa wateja wadogo kuna hila nyingine, ya mwaka 1964, ya Waingereza wawili, Clarke na Wright. Badala ya kupeleka Korogwe na kurudi, kisha Mombo na kurudi, unajumlisha umbali wa kila mmoja kutoka kwako, unatoa umbali kati yao wenyewe, kinachobaki ndicho unachookoa ukiwaunganisha. Korogwe ni kama kilomita 90 kutoka hapa, Mombo 40 mbele yake. 90 jumlisha 130 toa 40: umeokoa kilomita 180. Utasema hilo hata bibi yako anajua. Kwa wateja wawili, sawa. Ukiwa nao kumi na mbili wametapakaa mpaka Lushoto, kaa na karatasi uone.

Kuhusu wale wanaosema bandari yetu ya Tanga imebadilika hivyo mzigo utakuwa wa kumwaga: ni kweli imebadilika. Marehemu baba alikuwa kuli wa matishari, yale majahazi bapa ya kuvutwa. Meli inatia nanga nje huko, tishari linaifuata, mzigo unashushwa tishari, unavutwa gatini, unashushwa tena. Kila gunia liliguswa mara mbili kabla halijafika nchi kavu, na kila kugusa kuna mshahara, kuna kupasuka, kuna kupotea. Serikali imechimba kina cha gati kutoka mita 3 hadi 13, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 429, sasa meli inakuja yenyewe. Lakini meli ikishusha kwa haraka namna hiyo, foleni inahamia getini kwa malori. Hesabu ya Little haijali iko majini au nchi kavu. Tena usisahau reli: treni ya mizigo ilirudi Moshi mwaka 2019 kwenye njia ile ile ambayo Wajerumani waliianzia hapa Tanga mwaka 1893. Saruji ni nzito, bei yake kwa kilo ni ndogo, haiozi. Huo ndio mzigo ambao treni inaupenda, nawe unataka kuukopea lori kwa miaka mitano.

Kwa hiyo mkuu, benki iambie ikupe miezi mitatu. Nunua kaunta buku mbili, moja kila gari. Safu ziwe: amefika, ameanza kupakia, amemaliza, ametoka, amefika kwa mteja, ameanza kushusha, amemaliza, ameanza kurudi. Dereva asiandike "asubuhi", aandike saa na dakika. Wa kwangu mmoja alikuwa anajaza safari nzima kwa mkupuo akiwa Hale njiani kurudi, kalamu moja, mwandiko mmoja, dakika zote zinaishia na sifuri. Nilimjua kwa hizo sifuri.

Nipo njiani kesho, nikirudi Jumamosi nitakuwekea picha ya ukurasa mmoja uone ulivyopangwa.