Kesho zamu ya nani?

Mwanangu,

Juzi kwenye simu, uliponiambia mkataba wako wa kazi haujaongezwa, uliniuliza sisi enzi za unga wa njano moyo tuliupata wapi. Nimeona nikuandikie. Kwenye simu tungelia wote wawili mpaka salio liishe.

Mwaka 1983 nilikuwa binti mdogo pale Morogoro. Vita vya Kagera vilikwisha zamani, na ile miezi 18 ya kufunga mikanda aliyotuomba Mwalimu Nyerere ilishapita, ila mikanda haikulegea. Sukari, sabuni, mafuta, vyote foleni. Watu walipanga mawe usiku kushika nafasi dukani. Jiwe letu bibi yako alilipaka chokaa, asije mtu akadai ni lake. Sabuni ikikosekana tulitwanga majani ya mpapai tukafulia sare. Povu lilitoka, ila shati jeupe lilibaki na ukijani kwenye kola. Darasa zima kola za kijani, nani amcheke nani?

Wanaosema zamani ilikuwa raha wananiudhi. Ule ugali wa unga wa njano, wa mahindi ya msaada kutoka Marekani, mjomba wako aliukataa akalala njaa, na hakuna aliyembembeleza.

Matumaini? Sikumbuki mtu nyumbani akiyataja. Kila jioni bibi yako aliuliza tu, "Kesho zamu ya nani?" Wa foleni, wa maji, wa kuomba moto kwa jirani. Hata Aprili 1984, redio ilipotangaza Waziri Mkuu Sokoine amefariki kwa ajali, hapo hapo Dakawa njia ya Dodoma, alilia kama wenzake, akajifuta kwa pindo la khanga, kisha akauliza zamu ni ya nani. Nilimwona ana roho ngumu. Nilipopata watoto wangu ndipo nikamwelewa.

Basi tugawane. Wewe zungumza na mwenye nyumba, mwombe apokee kodi ya mwezi mmoja mmoja, na maombi ya kazi yaendelee kutumwa. Mimi natuma mchele na maharage kwa basi la Ijumaa. Nenda stendi mapema, makondakta hawana subira. Ada ya mjukuu wangu muhula huu analipa kaka yako, nimeshamwambia na amekubali, ingawa alinung'unika kidogo. Na hiyo mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, usiisogelee, hata wakubembeleze vipi.

Mama yako